Nimeajiriwa, Sina Kazi

Kwenye mkataba wangu, mahali pa saa za kazi, paliandikwa kwamba nitaitwa nitakapohitajika. Wakala wa Mombasa alinisomea maneno hayo kwa furaha, kama mtu anayeleta posa.

"Hapa ndipo ulipobahatika," akaniambia. "Wenzio watafungiwa majumbani mwa watu. Wewe utaitwa tu."

Sikumuuliza: na nisipoitwa je?

Kazi yenyewe ilikuwa kuwamiminia wanawake kahawa. Riyadh, shughuli za wanawake huhudumiwa na wanawake, iwe ni harusi, mahafali au matanga, na kampuni yetu ilikodisha watu pamoja na madele ya kahawa na vikombe. Tulivaa kanzu nyeusi zilizotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Ukituona tumejipanga mlangoni ungedhani ni mabinti wa mfalme walioamua kutumika kwa hiari yao. Malipo yalikuwa kwa shughuli. Mafi shughuli, mafi mshahara, yaani bila shughuli hakuna mshahara.

Aliyetuita ni msimamizi wetu, mama wa Kimisri asiyependa kungoja. Ukichelewa kupokea simu, alimpigia mwingine, na wewe akakusahau wiki nzima. Kwa hiyo nilioga simu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilisali nayo mbele ya msala, Mungu anisamehe, na ziko sala ambazo salamu zake nilizitoa kwa haraka kidogo.

Kisha ukaja msimu wa mitihani ya shule. Sikujua mpaka hapo kwamba mtoto wa mtu akidurusu hesabu, mimi nalala na njaa. Hakuna mama anayemwoza binti wakati wadogo zake wana mitihani. Simu ikanyamaza. Tukala adesi asubuhi, tukala adesi jioni, mpaka mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kitui, akaniuliza, "Si wewe uko kwa welfare? Hawasaidii wasio na kazi?"

Nilikuwa nimesahau. Welfare ilikuwa chama cha sisi Wakenya, wanawake wa Riyadh. Kila mwezi tulichanga, na chama kikamsaidia mgonjwa, mfiwa, na aliyekosa kazi, ambaye alipewa chakula mpaka apate nyingine. Nilikuwa nachanga siku zote huku nikiwaombea wengine wasifikwe na shida. Haikunipitikia kwamba na mimi ni mtu wa kufikwa.

Ijumaa nikaenda Sulimaniyah, kwenye chumba cha nyuma cha saluni walipokuwa wakikutana. Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa Nakuru, mpishi kwenye nyumba ya watu wakubwa. Ilisemekana hata madam wake hubisha hodi kabla ya kuingia jikoni.

"Dada, sema shida."

"Sina kazi."

"Ulifutwa?"

"Sikufutwa."

"Mkataba uko nao?"

"Ninao. Na ikama ya kukaa nchini ninayo."

"Basi umeandikwa kazi."

"Nimeandikwa, mama, lakini kazi haipo."

Akamgeukia katibu, mwanamke mwembamba mwenye miwani aliyekuwa yaya wa watoto pacha. "Huyu ameandikwa ama hajaandikwa?" Katibu akasema katiba ya chama ina watu wa aina mbili, wenye kazi na wasio na kazi, na mimi hajui nimetoka wapi.

Nilipofungua kinywa nijitetee, simu ikalia. Niliirukia kabla sijafikiri. "Yalla," alisema msimamizi, "kuna matanga, vaa, gari linakuja." Amefariki bibi mmoja mwenye ukoo mkubwa, na wageni ni wengi.

"Kuna msiba!" nikawaambia wajumbe, na nahofia nilikuwa natabasamu. Kufa kufaana, wahenga walisema, lakini hawakusema uonyeshe meno.

Nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni nikamsikia mwenyekiti akisema, "Andika. Huyu ana kazi."

Nilimimina kahawa kwa wafiwa kuanzia alasiri hadi magharibi, na baada ya hapo simu ikanyamaza tena. Nikarudi kwenye chama. Safari hii waliamua kumtuma katibu aje kunitazama kwenye nyumba ya kampuni bila taarifa, aone kwa macho yake kama kweli nimekaa bure.

Katibu alifika siku mbaya kuliko zote. Asubuhi hiyo msimamizi alikuwa ameghadhibika: eti mikono yetu imeanza kuwa mizito kwa kukaa. Akatuamuru tuvae kanzu zetu, tutoke uani, tufanye mazoezi kwa maji. Katibu akasukuma lango, akatukuta tumepanga mstari juani, tunameremeta dhahabu mwili mzima, tunamiminiana maji ya bomba kwa adabu kubwa.

Akafuta miwani yake. "Dada, si ulisema hamna kazi?"

"Hatuna."

"Na hii ni nini?"

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kazi."

Nikajua nimekwisha. Lakini yule mwanamke hakuondoka. Aliomba maji ya kunywa, nikamwambia angoje nioshe gilasi, naye akapita moja kwa moja hadi jikoni. Akafunua sufuria yetu. Akaitazama adesi, ambayo kwa siku ile ilikuwa maji zaidi ya adesi. Akafungua kabati, akakuta chumvi. Jioni nikasikia kwamba ameniombea kura, na kwamba alimwambia mwenyekiti, "Wamevaa kama wenye kazi, wanakula kama wasio nayo." Nikapitishwa. Mchele, unga, mafuta na sukari vingeletwa Ijumaa.

Alhamisi msimamizi akatuita. "Jeddah! Mitihani imekwisha, harusi zimejaa. Yalla!" Tukapandishwa basi.

Ijumaa mwenyekiti akapiga simu. "Dada, tuko hapa langoni na mchele. Wewe uko wapi?"

"Jeddah, mama."

"Kufanya nini?"

Uongo sikuupata upesi. "Kazi."

"Yaani tumekupitisha kwamba huna kazi, na wewe umesafiri kikazi?"

Nilimsihi chakula ampe msichana wa Kitui, ambaye hakuletwa Jeddah. Nadhani hilo lilimpoza. Mimi nilikuwa nishawekwa mtaa wa Al-Mahjar, chumba kimoja na wenzangu, tukingoja harusi ya watu wakubwa. Keshoye msimamizi akaingia uso umemshuka: mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wamegombana juu ya ukumbi, na harusi imesimama. "Lakini msivue nguo," akasema. "Wanaweza kupatana wakati wowote."

Nikampigia mwenyekiti.

"Mama, sina kazi tena."

"Toka lini?"

"Toka asubuhi."

Nilimsikia akivuta pumzi. Akanielekeza kwa bibi mmoja wa Kiunguja aliyekuwa akikaa mtaa wa Ruwais, mtu wa zamani Jeddah, ambaye wanawake wetu wa huko, Wakenya kwa Watanzania, walimfanya ndiye chama. "Jieleze kwake," akasema. "Mimi kichwa kinaniuma."

Nikaenda, kanzu ya dhahabu chini ya abaya. Njiani kote nilipanga maneno: nimeandikwa ila siitwi, nimeitwa ila nimesimamishwa. Bibi alifungua mlango mwenyewe. Sebuleni walikuwamo wanawake kadhaa waliokuja kuzungumza mambo yao. Nikaanza, "Bibi, mimi mkataba wangu..."

"Kaa kitako, mwanangu. Ushakula?"

Maneno yote yakanipotea. Nikatikisa kichwa kama mtoto. Wakaniletea wali na samaki wa kukaanga, na hapana aliyeniuliza kitu mpaka sahani ilipokuwa nyeupe. Nililia kidogo, nikasingizia pilipili.

Kisha ikaletwa kahawa, na dada aliyeileta alishika dele kwa mkono wa kulia, akajaza vikombe hadi ukingoni. Nilijaribu kujizuia. Nikashindwa. Nikavua abaya, nikamwomba dele, nikazunguka sebule nzima nikimimina kidogokidogo kuanzia kulia kwa bibi, kama nilivyofunzwa. Sebule ikabadilika. Wanawake waliokuwa wamejilaza wakakaa wima. Mmoja, mfua nguo wa hospitali, akanitikisia kikombe kuonyesha ametosheka, kwa madaha kama ana hisa kwenye visima vya mafuta.

"Shughuli moja unachukua kiasi gani?" mwingine akauliza.

"Mwacheni," bibi akasema. "Mwenzenu hana kazi."

Hapo simu ikalia. Wale mama wawili wamepatana, ukumbi utakuwa wa upande wa kike, gari linanifuata. Niliona haya hata kunyanyua macho. Bibi alikuwa ameshaufunga mfuko: mchele, sukari, kopo la samli.

"Bibi, nimepata kazi sasa hivi. Sistahiki tena."

"Umepata kazi ya leo," akasema, akinitia mfuko mkononi. "Wiki ijayo utakula kanzu?"

Nikapanda gari la kampuni nimevaa kama malkia, nimepakata mchele.

Harusi zikaja mfululizo kiangazi chote. Bibi alimpigia mwenyekiti na wakazungumza kwa muda mrefu. Mwenyekiti hakupata kuniambia aliambiwa nini. Niliporudi Riyadh, chama kikaongeza aina ya tatu ya wanachama: waitwa. Mwitwa hupewa chakula miezi ya kimya, na miezi ya harusi huchanga maradufu. Ni haki kabisa, na kila kiangazi mimi ndiye ninayelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya kupitisha kanuni hiyo, katibu aliinua miwani yake akauliza: mtu aliyekwisha kuvaa, ameketi kitandani anangoja gari, huyo ameanza kazi ama hajaanza? Mwenyekiti alisema hajaanza. Mimi nikasema ameanza tangu alipofunga mkanda wa kanzu. Tukabishana hadi adhana ya magharibi, chai ikapoa, na wenye madam wakali wakaondoka mbio bila kulipigia kura swali hilo.