Muvi Aliyotazama Mume Wangu Akiwa Amefichwa

Admin, tafadhali usiweke jina langu, majirani wangu wa mtaa wa Pioneer wako kwa hii page. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na nne. Mume wangu ni mtu wa upande wa Ziwa, fundi wa welding. Vita ya uchaguzi ilimpata akifanya kazi Timboroa, ambako watu wa kabila lake walikuwa wanawindwa, kabla hatujajuana. Siku zote ameniambia alipanda lori mapema akafika kwao salama.

Jumapili mchana tulipata mgeni, mwanamke anaitwa Chebet. Mume wangu alisema tu ni jirani wake wa Timboroa. Nikapika chai. Kwa TV kulikuwa na muvi ya zamani, komando mmoja anapigana na jeshi zima msituni. Mimi sikuwa nimewahi kuiona, na nilikuwa nimeanza kumwogopea huyo komando, stelingi wa muvi, kumbe hawa wawili wanaijua yote. Kabla stelingi afungue mdomo, mume wangu akasema kitu kwa Kikalenjin. Chebet akamalizia. Walicheka mpaka mume wangu akapanguza machozi. Tangu anioe sijamsikia akicheka hivyo.

Nikauliza ni nini. Chebet ndiye alijibu.

"Dada, baba yangu alimficha kwetu wakati wa vita. Tulikuwa na CD ya hii muvi peke yake. Tulizima sauti watu wa nje wasisikie, tukawa tunawatungia watu wa muvi maneno yetu."

"Na wewe ulikuwa unalala wapi?" nikamuuliza.

"Jikoni, na mama."

Nilimwamini, lakini bado nilichukua rimoti nikazima TV. Chebet akachukua mkoba wake. Akiwa mlangoni akasema baba yake, huyo Mzee, ni mgonjwa sana, anaomba kumwona mume wangu. Akaenda.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini alinidanganya.

"Ningekuambia nini? Kwamba nililia mbele ya msichana mpaka nikajikojolea? Wewe nilitaka unijue nikiwa mwanaume."

Hapo ndipo wivu ulinimaliza. Afadhali angesema walipendana, ningejua pa kuanzia ugomvi. Huyu mwanamke alimwona mume wangu vile mimi sijawahi kuruhusiwa kumwona.

Jumamosi anaenda Timboroa na anataka twende wote, nimshukuru Mzee. Najua bila huyo Mzee nisingekuwa na mume. Lakini nikifikiria kuketi kwa hiyo nyumba, Chebet akinikaribisha chai, moyo unakataa kabisa. Niende, ama nimwache aende kwa kina Chebet peke yake? Nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Naomba msinitukane.