Abiria wa Kiti cha Mbele

Miaka kumi na mmoja Eddah Owino alipima majani ya wenzake kwenye kituo cha kununulia chai nje ya mji wa Kericho, na miaka yote hiyo macho yake yalikuwa kwenye lori la kiwanda, si kwenye mizani. Alitaka kuliendesha. Akajinyima, akapata leseni, akanunua gari kuukuu aina ya Probox kwa mzee Nganga, mfanyabiashara wa Kipkelion, ili aizoee barabara. Hatimaye kiwanda kikatangaza nafasi ya dereva: usaili Jumatatu, na anayeomba asiwe na kosa lolote la barabarani.

Alhamisi ujumbe ukaingia kwenye simu. Faini. Gari lake lilipigwa picha na kamera huko Mulot likienda mbio, tarehe tisa Machi.

Mbio! Eddah, anayepitwa na punda waliobeba maziwa! Isitoshe, gari alilinunua Aprili. Damu ikamchemka, akaubeba mkataba wa mauziano na kuingia ofisi ya trafiki akiwa bado na aproni ya kazini.

Koplo Chepkemboi aliusoma polepole. Nganga alikuwa ameuandika kwa mkono wake, na pale pa tarehe aliandika: "Leo, siku ya soko."

"Madam, soko iko kila wiki," Chepkemboi akasema. "Hii haisaidii."

"Lakini afande, hiyo tarehe tisa sikuwa hata na leseni!"

"Hiyo usirudie kusema hapa."

Ikabidi Nganga aitwe. Alifika kesho yake, kofia mkononi, amejaa adabu na uongo.

"Mimi? Mulot? Afande, huko sijawahi kanyaga."

Chepkemboi hakubishana. Aliwageuzia kompyuta. Gari lilionekana, nambari ilionekana, ila uso wa dereva ulizibwa na kichwa kikubwa cheusi kilichomwinamia kutoka kiti cha abiria. Eddah akaisogelea kompyuta. Bila uso hakuna ushahidi, na lori lilikuwa linamponyoka hivi hivi.

"Hatuwezi kujua ni nani alikuwa anaendesha," Chepkemboi akasema. "Amefichwa na hii mbuzi."

Nganga akatoa macho. "Hii nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani!" Kofia ikaanguka. "Afande, angalia hiyo shingo! Hiyo ni ngoima, kondoo dume ya kupeleka kwa wakwe, ruracio, mahari ya kijana yangu! Nilizunguka soko ya Mulot siku mzima nikitafuta hiyo! Wazee walikula wakalamba vidole, na wewe unasema nilipeleka mbuzi?"

"Na nani aliendesha?" Chepkemboi akauliza kwa upole.

"Si ni mimi! Ningeachia nani kitu ya maana hivyo?"

Ndipo alipojisikia alichosema. Akakaa.

Chepkemboi alianza kuandika, kisha akaikuza picha. Mkanda wa abiria ulikuwa umefungwa vizuri juu ya manyoya. Wa dereva ulining'inia mlangoni.

"Kondoo imefunga mkanda, wewe hukufunga. Pamoja na mbio, hizo ni makosa mbili."

"Kondoo ilikuwa ya watu," Nganga akanung'unika.

Eddah alicheka hadi akaishika meza, halafu akajikuta analia kwa furaha. Hakutoka pale mpaka barua ya kumsafisha ikapigwa muhuri mbele ya macho yake.

Jumatatu alikaa mbele ya watu watatu wa kiwanda, barua magotini. Usiku alikuwa amekariri maelezo marefu ya tarehe, mkataba na kondoo. Msimamizi wa magari, Bwana Noah, akauliza, "Umewahi kushikwa na kosa lolote la barabarani?"

"Hapana," Eddah akasema, kwa sauti iliyomfanya bawabu wa langoni ageuke. Lilikuwa neno tamu. "Hapana," akasema tena, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Basi lori liko pale nje. Twende utuonyeshe..."

Hakumaliza. Eddah alishafika mlangoni.