Fundi wa Kikwajuni asiyeharakisha betri

Saa mbili asubuhi, Haroub Mwalim anabandika kiganja ubavuni mwa betri ya gari, kama mama anayempima mtoto homa. Kisha anasoma mita: volti kumi na nne nukta nne. Anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ana miaka sitini na mbili, na arubaini kati ya hiyo ameimalizia katika kibanda hiki cha kuchaji betri, Kikwajuni, mjini Unguja. Zamani foleni ilifika barabarani. "Betri za magari, za taa za harusi, za redio za shamba," ananiambia. "Watu wakingoja wakitaniana. Wallahi nnavitamani vile vicheko."

Siku hizi akipata betri nne, shilingi elfu tatu kila moja, anashukuru. Nyingi ni za Nadir, mwenye magari sita ya kubebea wageni. Na leo Nadir hana subira.

"Shikamoo, Ami Haroub."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii nnaitaka kwa saa moja. Kwengine wanapandisha mpaka volti kumi na sita, unaondoka nayo."

"Utaondoka nayo, kweli. Lakini maji yatachemka, sahani za ndani zitalika. Betri ya miaka minne utaitupa mwakani."

"Basi nitazihamisha zote. Wageni hawangoji, Ami."

Nadir akihama, kibanda hakitalipa kodi yake. Haroub analijua hilo, na bado hagusi kitufe cha mashine ya kuchajia. Betri za maji hazivushi kumi na nne nukta nne. Za jeli anazipa chini ya hapo. Ikijaa anateremsha hadi kumi na tatu na nusu, na siku ya jua kali anapunguza tena kidogo. Ukimwona utadhani anatia chumvi mchuzini.

Ubishi huu una kisa. Mwisho wa mwaka 2009 umeme ulikatika Unguja nzima kwa miezi mitatu. Simu zilizimika, na watu wa shamba wakaleta betri ili redio zao ziendelee kuwapa matangazo ya vifo. Haroub, jenereta ikinguruma na foleni ikimlalamikia, alipandisha volti hadi kumi na sita ili awamalize wote.

Betri moja ilikuwa ya Bi Mwatum wa Chwaka. Siku ya tisa ikafa. Siku ya kumi, redio yake ikiwa imezimika, kikatangazwa kifo cha kaka yake huko Kizimkazi. Habari ilipomfikia, maiti ilikwishazikwa. Hakuuona uso wake.

"Alikuja mwenyewe hapa," anatuambia Haroub. "Hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Haroub, betri yangu ulikuwa na haraka nayo ya nini?' Bi Mwatum kesha kufariki, na mpaka leo sina jibu."

Nadir amesikiliza hadi mwisho. Anainamisha kichwa, anasema pole. Kisha anachomoa nyaya, anaibeba betri yake, anaondoka. Wageni wako uwanja wa ndege.

Haroub anamtazama mpaka gari linapokata kona. Nilitamani amwite. Hakumwita.

"Kibanda kikifungwa, mashine nitaipeleka barazani kwangu," ananiambia. "Atakayekuja atangoja, hata awe mmoja kwa wiki. Nnataka siku nikienda ahera nikutane na Bi Mwatum peke yake. Asiwepo mwengine nyuma yake mwenye suali lile lile."