Ngoma Iliyopashwa Moto Mara Tatu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe huko Chimwaga. Nikiwa natafuta choo nyuma ya maturubai, pua yangu ikakutana na harufu ya ngozi ya ngoma inayopashwa moto. Kikundi cha kukodi kilikuwa kimewasha mabua na kuzigeuza ngoma zao taratibu. Ni harufu ya nywele zilizoungua kidogo, yenye moshi na mafuta ya zamani. Nilisimama pale mpaka nikasahau nilichokuwa nakwenda kufanya. Nivumilieni niwasimulie, maana nyumbani kwangu hakuna anayejua habari hii.

Nilipokuwa na miaka kumi, Majengo palikuwa na ghala kuukuu la nafaka ambalo Mwalimu Tekla, mwalimu mstaafu, alilifanya nyumba ya sanaa. Halikuwa la serikali wala la kanisa, na hakuna aliyelipa kiingilio. Kona moja watu walichora, kona nyingine walichonga, na katikati, kila Alhamisi, wasichana tulifundishwa muheme, ngoma za kinamama wa Kigogo ambazo hubanwa mapajani. Sote tulipaita Ghalani. Vumbi la uwele liliendelea kudondoka kutoka kwenye mabati, hivyo ukichora mbingu ya buluu inakauka ikiwa na chenga.

Aliyetufundisha ngoma ni Bibi Yudita, aliyekuja na basi kutoka Mlali akiwa amefunga ngoma kubwa mgongoni kwa kanga, kama anabeba mtoto. Ngoma hiyo aliirithi kwa mama yake. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, halafu anaongeza "mbukwa" ya kwao na kukutazama mpaka uijibu. Alikuwa mkali. Ukikosea pigo hakusemi, anakushika goti tu, na goti linajua. Kabla ya kupiga tulizipasha ngoma moto wa mabua ili ngozi ikaze, na kila mara alisema, "Mara mbili inatosha. Ya tatu unaichosha." Mimi alinichagua nipige ile kubwa. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha Mwalimu Tekla akatuambia kwamba ghala linatakiwa livunjwe kupisha barabara. Kuna wageni watakuja kutoka ofisi ya serikali, alisema, na wakipenda watakachokiona huenda tukaachiwa. Sisi watoto tuliamini hivyo moja kwa moja. Tukafagia, tukamwagia maji uani, na mimi nikapewa rangi nipambe ukuta wa nyuma. "Anzia hapo kwenye hiyo nyekundu," Mwalimu alinielekeza. Palikuwa na mistari miwili minene iliyopishana, nikadhani kuna mtu alikuwa anajaribisha brashi. Nikaigeuza kuwa kichala cha zabibu.

Wageni walikuwa waje saa nne. Tukapasha ngoma. Saa sita hawajafika, ngozi zimelegea, tukapasha tena. Magari yalipoingia saa nane, Bibi alikuwa ndani ya ghala akifunga kanga. Nikagonga ngoma kubwa kwa kidole, ikanijibu kwa sauti ya ndoo. Sikutaka kuaibika mbele ya watu wenye suti. Nikairudisha motoni mwenyewe, karibu zaidi, haraka haraka.

Ngozi ilipasuka kwenye pigo la nne. Ilichanika kuanzia katikati mpaka ukingoni, na wenzangu wakaacha kupiga mmoja mmoja. Mgeni mmoja alicheka kwa adabu. Bibi Yudita akasogea, akaweka mkono juu ya ule mpasuko na kusema, "Samahanini wakubwa. Ni mimi niliyeipasha kupita kiasi. Uzee."

Nilinyamaza. Wageni wakala pilau, wakapiga picha, wakaondoka. Bibi alibeba ngoma yake iliyochanika kurudi Mlali na hakuja tena Alhamisi yoyote. Mwezi haukuisha, ghala likavunjwa. Nilijua ni mimi niliyelivunja. Nilikua nikilijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Nilipokuwa chuoni nilikutana na Mwalimu Tekla kwenye foleni ya benki, amekonda, anatembelea fimbo. Nikamweleza yote papo hapo, machozi yakinitoka mbele za watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "barua ya kuhama nilikuwa nayo wiki tatu kabla. Ile nyekundu uliyochora zabibu ndiyo alama ya kubomolewa. Wale walikuja kwa sababu walishaalikwa."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilitaka mpige mara moja mkiwa na matumaini."

"Na Bibi Yudita? Anajua?"

Mwalimu alitazama chini. Alisema Bibi alimtumia salamu mara mbili, za kuomba radhi kwa kuwavunjia watoto nyumba yao.

Mlali si mbali. Ni safari ya asubuhi, na jioni umesharudi. Kila mwaka nilisema nitakwenda Pasaka, kisha nikasema Krismasi, nikiwa na zawadi nzuri. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kumwambia kwamba ghala halikuvunjwa kwa sababu ya ngoma kungenilazimu nimwambie pia nani aliipasha mara ya tatu. Nilikuwa bado natafuta maneno aliponipigia simu Mwalimu kunipa taarifa ya msiba wa Bibi.

Barabara haikujengwa. Nimepita pale juzi, na ni kiwanja kitupu ambapo bajaji zinageuzia. Nilikuwa nafikiri utotoni niliharibu Ghalani. Sasa najua kwamba hapakuwa na pigo lolote ambalo lingepaokoa, hata kama ngozi isingechanika. Kilichokuwa mikononi mwangu ni kumwondolea bibi mmoja mzigo usio wake, na nilikuwa na miaka minne ya kufanya hivyo.