Mtani Wangu Aliyekataliwa na Mvua

Mama atakuambia kwamba mimi huota hata nikiwa natembea, na simbishii. Lakini ndoto hailoweshi shati mpaka mama yako alikamue huku akikuuliza ulitumbukia mto gani. Langu lilikamuliwa. Kwa hiyo sikiliza, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, tena nikiwa nimekula vizuri.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga. Kila barabara ya kutoka Lubumbashi ilikuwa na barieri, na kila barieri ilikuwa na askari anayetaka karatasi. Tulikuwa tumejifungia ndani siku nyingi kwa sababu ya risasi. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, kukawa kimya. Jua lilitoka baada ya mvua ya usiku, na pori likanukia mpaka uani kwetu, upande wa Naviundu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikaweka kikombe chini, miguu ikaenda. Nilimuaga mtu? Hapana. Ningesema nini, kwamba nina hamu ya miti?

Nilifuata njia za wachoma makaa, zile nyembamba zinazopinda katikati ya miombo. Nilifurahi jamani! Majani yalikuwa bado yanadondosha maji, na uyoga ulikuwa umeota kila mahali, ule mkubwa mweupe ambao mmoja tu unafunika sahani. Nikavua kofia nikaijaza, nikiimba wimbo wa ukoo wetu.

Hapa lazima nikueleze jambo. Sisi kwa upande wa mama ni bena Bowa, yaani ukoo wa Uyoga. Watani wetu ni bena Mfula, ukoo wa Mvua. Mtani anakutukana njiani, anabeba kuku wako, nawe unacheka tu. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekutukana kaburini mpaka wenye kulia wacheke, ndipo unaondoka. Bila mtani, kilio hakijaisha.

Sasa, nikiwa nimeinama, nikasikia sauti.

"Ee, we Bowa! Unaokota bandugu yako unaenda kubapika? Hauna haya?"

Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya kichuguu kidogo cha udongo mwekundu, amevaa koti refu na kofia iliyobonyea. Nikacheka. Nani angenisalimu hivyo kama si mtani?

"Jambo, papa. Muko bena Mfula?"

"Njo miye! Bila sisi, nyinyi Bowa mungekuwa vumbi tu."

Aliniuliza kama nimeoa. Nikasema bado. Akasema ni haki, mwanamke gani atakubali mtu anayekula ndugu zake? Tuliongea vizuri sana, mpaka manyunyu yakaanza. Nikasogea chini ya mti. Yeye hakusogea.

Niamini: matone yalikuja mpaka karibu na kofia yake, yakageuka pembeni, kama watu wanavyomkwepa mtu wasiyetaka kumsalimu. Koti lake lilikuwa kavu. Udongo aliokalia ulikuwa mkavu pia, unatoa vumbi, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha! Ndipo nikaona msalaba mdogo wa vijiti upande mmoja. Hakikuwa kichuguu.

Wewe ungefanya nini? Mimi niliikumbatia kofia yangu yenye uyoga.

"Usiogope, mutoto," alisema polepole. "Homa njo iliniua, wakati barabara ilifungwa. Batani yangu balibaki ngambo ya barieri. Benye kunizika balikuwa bageni, bantu bazuri, balilia sana. Lakini hakuna hata mumoja alinitukana. Sasa mvua ya kwetu inanikataa. Ikipita yote ya huu mwaka bila kunilowesha, nitabaki hapa mukavu siku zote."

Nikaanza kulia. Ndivyo nilivyo, hata kuku akichinjwa, mimi ninakwenda nyuma ya nyumba.

"Acha! Machozi nilishapata ya kutosha! Nitukane!"

"Papa, samahani... kofia yenu haiko muzuri sana."

Alinitazama kwa huruma. "Ile njo tusi? Ulisomea kwa masista?"

Nikajaribu tena. Nikamwambia ana masikio ya sungura. Akapiga mwayo! Jua lilikuwa linashuka, nami nilitaka kwenda nyumbani, lakini ningemwachaje? Nikamtazama alivyokaa, mikono juu ya magoti, kama sisi sote mjini siku zile, tukingoja askari atuite. Na hapo, sijui ilitoka wapi, hasira ikanipanda kwa ajili yake.

"We muzee mujinga!" nikapiga kelele. "Bena Mfula munajisifu, munalowesha dunia yote, na nyumbani kwenu munalala na kiu! Hata kufa haujui! Unangoja nani akuombe karatasi? Muntu wa kufa anaombwa karatasi? Hakuna barieri, we kichwa ya mbuzi! Njia iko wazi! Pita, utuachie fasi, bowa iote!"

Mabega yake yakatikisika. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na mvua ikashuka, mvua nzima, juu yetu wawili tu, huku jua likiwaka pembeni. Nililiona koti lake likilowa na kuwa jeusi, naye amefumba macho, mdomo wazi, kama mtoto.

"Kumbe Bowa banajua kusema," alisema.

Nikapangusa macho yangu. Nilipoyafungua, palikuwa na udongo uliolowa tu.

Uwanja wetu ulikuwa mkavu kabisa nilipofika. Mama alilikamua shati, nikamweleza yote. Aliuliza jambo moja tu: "Ulimutukana muzuri?"

"Nilijaribu, mama."

"Basi." Akapeleka uyoga jikoni.

Baadaye tulikwenda wote wawili kupaona. Udongo ulikuwa umeshuka, na uyoga mweupe umebanana juu yake kama watu kwenye arusi. Hatukuchuma hata mmoja.

Tangu siku ile, tone la kwanza la kila mvua linaniangukia mimi, puani, hata nikiwa chini ya paa. Ninatoka uani, ninayatukana mawingu na kucheka. Majirani wanasema nimeharibika. Acha waseme.

Nawe ukienda kutembea porini na mtu akautukana ukoo wako, usikasirike, na ninakuomba, usilie. Tazama kwanza kama nguo zake zimelowa. Zikiwa kavu, mtukane kwa moyo wako wote. Pengine anangoja mtu wa kumwambia kwamba njia iko wazi.