Siku Tuliyompeleka Yusufu Akaulizwe

Siku ile tulikuwa watano, na nawataja wote ili nisimnyime mtu sifa yake: mimi Zuhura, mshonaji wa Mbugangari, Yusufu, mdogo wangu anayenifuata, Rehema, kitinda mimba wetu, jirani yetu Mama Solange, anayevusha nyanya kwenda Goma kupitia Grande Barrière, mpaka wetu wa Rwanda na Kongo, na muuguzi Neema, tuliyemkuta huko tulikokwenda. Wazazi wetu walishafariki. Ndiyo maana niliacha shule mapema nikashika cherehani, na ndiyo maana kwetu hata paka hatoki bila kuniaga.

Asubuhi Rehema alinijia akicheka, amebeba redio ya Yusufu na viatu vyake vipya. "Amenipa vyote! Amesema hatavihitaji tena." Nikadhani amepata kazi Kigali. Nilipoingia chumbani kumpongeza, nilimkuta ameukazia macho ukuta. "Dada," akasema polepole, "mi nimechoka kuishi."

Nililia. Ukuta wetu na wa jirani ni mwembamba, na masikio ya Mama Solange ni mapana. Alikuwa mlangoni kabla sijafuta machozi. "Bon. Tunaenda hospitali. Nyanya itangoja."

Rehema tulimwacha nyumbani, sisi tukapanda pikipiki tatu, Yusufu katikati kama rais. Nyuma nilimsikia Mama Solange akimgombeza dereva wake: "We, umufuate yule, usimupoteze! Ee, polepole basi, mi nataka kufika muzima!"

Getini tulikubaliana tutakachosema. Kwetu neno lile halitajwi. Tunaogopa ukilitaja litakuja kukaa nyumbani. Kwa hiyo tuliamua kusema ni tumbo. Hata Yusufu, mwenye ugonjwa, aliafiki.

Kwenye chumba cha dharura tulipokelewa na Neema. Alilelewa Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka.

"Kijana anasumbuliwa na nini?"

"Tumbo," nikasema.

"Tumbo kabisa," akadakia Mama Solange. "Ilianza na maharage."

"Ya jana," nikaongeza. Jana hatukupika maharage.

Neema alituacha tumalize. "Nimemuuliza yeye." Akavuta pazia, akakaa mbele ya Yusufu, akamuuliza kwa sauti ileile ya kuulizia tumbo: "Yusufu, umekuwa ukifikiria kujiua?"

"Yampaye inka!" Mama Solange aliruka, akimaka kwa Kinyarwanda. "Usimutajie! Utamufundisha!"

"Mama, kumuuliza hakumfundishi. Kunampa nafasi ya kusema."

Nilimtazama mdogo wangu. Nilikuwa naomba aseme tumbo, na papo hapo naomba asiseme.

"Ndiyo," akasema Yusufu, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Tukatolewa nje, wakabaki wanazungumza, na daktari akaenda kuwasikiliza.

Tulipoitwa tena, mchana ulikuwa umekwisha. Daktari alikubali arudi nyumbani, lakini asikae peke yake, dawa zote na kila kitu cha hatari viondolewe, na Jumatatu arudi kwa mshauri wa afya ya akili. "Na mawazo yale yakirudi, saa yoyote," Neema akamuuliza Yusufu, "utamwambia nani?"

Mimi nilishasogeza kiti changu mbele.

"Mama Solange," akajibu.

Nilidhani hakusikia swali. Jambo analolijua Mama Solange asubuhi, mchana Goma nzima wanalo!

"Na mimi je?"

"Dada, nikikuambia utalia, halafu mi ndiye nitakubembeleza. Huyu anaongea mpaka mutu anasahau alichotaka kufanya."

Mama Solange akasogeza kiti chake karibu na Yusufu. Neema akanigeukia. "Kazi yako, dada, ni kumuuliza waziwazi, kama nilivyouliza. Usizunguke kwenye maharage."

Wakati wa kurudi nilimpigia Rehema simu aondoe nyumbani kila kitu cha hatari. Tukakuta amehamishia kwa jirani mwingine dawa zote, pasi, mwiko wa ugali na chupa ya pilipili.

"Pilipili nayo imefanya nini?" Yusufu akauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Siku zilizofuata nilisubiri siri ivuje. Kwa Mama Solange mtaa ulipata tumbo tu, tena tumbo lililopambwa hivi kwamba watu walileta tangawizi na majani machungu. Kisha jioni moja mawazo yale yalirudi, na Yusufu akabisha hodi kwa Mama Solange. Mama huyo aliacha wateja wake, akakaa naye, wakaenda wote kwa Neema. Mimi nilipigiwa simu walipokuwa wameshafika.

Iliniuma, nisifiche. Nilizoea kuamini kwamba nikiwaachilia kidogo wataanguka. Nimejifunza kwamba swali lile halimvunji mtu, na kwamba si lazima anayelijibu anijibu mimi. Yusufu bado anaenda kwa mshauri, bado ana siku ngumu, na anazisema. Anaidai redio yake, Rehema anakataa kuirudisha, na sijawahi kufurahia ugomvi namna hii.

Nilimuuliza Mama Solange nimlipe nini.

"Siku moyo yangu itanilemea," akasema, "nitakuja kwako, na we utaniuliza bila maharage."

Kwa hiyo kila akitoka mpakani namsimamisha. "Mama Solange, moyo iko namna gani?"

"Iko muzima," ananijibu, anaweka beseni chini. "Deni yako bado iko."