Mei, Wala Si Septemba

Kuna makosa ambayo mtu akiyafanya mara moja yanamtosha maisha yake yote. Zilpah alifanya la kwake Jumatatu moja mwanzoni mwa Septemba, akiwa kwenye foleni ya supamaketi ya Merrylands. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa Sydney magharibi: "Jameni, nani anajua viatu vizuri vya kukimbia? Nataka kujaribu marathon mwaka ujao." Kabla hajamfikia keshia, kamati ilikuwa imeshaundwa.

Sisi ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Mtu akifiwa, kamati. Akioa, kamati. Mama yake akija kutembea kutoka Kenya, kamati ya kumpokea na nyingine ya kumsindikiza. Mwenyekiti huwa ni Mwiti kila mara, fundi umeme wa Granville, mtu mkarimu anayeweza kukuacha hoi kwa ukarimu huo. Mwiti alikuwa amewahi kukimbia nusu marathoni miaka minne nyuma, na tangu siku hiyo hajapumzika kuisimulia.

Zilpah mwenyewe hakuwa mkimbiaji. Alikuwa na miaka arobaini na minne, presha kidogo na magoti yenye maoni yao. Mbio zake zote tangu aingie Australia zilikuwa za kuwahi treni ya kwenda Seven Hills, alikofanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee. Huko, mzee wa chumba namba tisa alimuuliza kila asubuhi anakimbia marathoni kwa saa ngapi, kwa kuwa ni Mkenya. Alishamweleza kwamba kwao ni Chavakali, na kwamba watu wa Chavakali wakiona mtu anakimbia huuliza nani kafa. Mzee alicheka, na kesho yake akauliza tena.

Aliyekuwa mkimbiaji ni mdogo wake, Shirleen. Shule ya sekondari alikimbia mita elfu tatu hadi mashindano ya mkoa, na Zilpah akawa mbeba sweta. Sasa Shirleen alikuwa muuguzi vilevile, lakini Saskatoon, Kanada, mahali ambapo theluji huanguka kabla watu hawajamaliza kuzungumzia kiangazi, ikakaa miezi sita kama mgeni asiyejua kuaga. Majira ya baridi yaliyopita, baada ya Krismasi, Shirleen aliacha kupokea simu. Wiki ya kwanza Zilpah alisema ni zamu za usiku. Wiki ya tatu alimtafuta jirani wa mdogo wake, mama Mkongo aitwaye Chibalonza, akamsihi aende kugonga mlango. Chibalonza alimkuta Shirleen kitandani saa nane mchana, mapazia yamefungwa, amekonda hadi shingo imebaki mishipa, na kazini hajaenda kwa siku kumi na mbili.

Daktari alimpa vidonge na agizo moja: atoke nje kila siku, mchana, jua likiwepo. Vidonge alimeza. Kutoka hakutoka, mpaka theluji ilipoyeyuka akarudi kuwa mtu. Alimwapisha Zilpah kwamba habari ile isifike kwa mtu yeyote. "Mama akisikia, mimi nimekwisha," alisema. "Watasema nimerukwa na akili ng'ambo." Na baridi nyingine ilikuwa inakuja.

Ndipo Zilpah alipobuni marathoni. Alimwambia mdogo wake kwamba ana presha, kwamba daktari amemtisha, kwamba peke yake hataweza, na je, wangeweza kukimbia pamoja ya kwanza maishani mwao, huko huko Kanada, huku wakipigiana simu kila siku wakati wa mazoezi? Shirleen alicheka sana, kisha akasema sawa, chagua wewe. Zilpah alichagua ile ya Saskatoon mwishoni mwa Mei. Hakuichagua kwa sababu ya uzuri wake. Aliichagua kwa kuwa anayetaka kukimbia mwishoni mwa Mei hana budi kujifua Desemba, Januari, Februari na Machi, akitoka nje kila siku, apende asipende.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Kamati iliambiwa tu kwamba atakimbia Mei, Kanada, na mdogo wake.

Jumamosi iliyofuata walikutana sebuleni kwa Mwiti, watu tisa, chai na mandazi mezani. Mwiti alikuwa ameunganisha kompyuta na televisheni. Kulikuwa na michoro. Kulikuwa na halijoto za mwezi baada ya mwezi, za Sydney kwa rangi nyekundu na za Kanada kwa buluu.

"Sister Zilpah, tumefanya research," alianza Mwiti. "Hiyo ya Mei, hapana. Ukitaka kukimbia Mei, training inaanguka January na February. Hapa ni forty degrees. Kule dada yako yuko minus thirty. Nyinyi wote wawili mtaumia bure. Lakini kuna hii ya Septemba, mji unaitwa Regina, si mbali na kwake. Wewe unajifua winter ya hapa, poa kabisa. Yeye anajifua summer ya kwake. Everybody wins."

Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Lililomchoma Zilpah ni kwamba jamaa alikuwa na haki. Mtu yeyote mwenye akili timamu angechagua Septemba.

"Asante, Chairman. Lakini mimi nataka Mei."

"Kwa nini?"

"Ni annual leave yangu. Imeshawekwa Mei."

"Roster inabadilishwa. Ongea na manager wako mapema hivi, miezi minane imebaki."

"Napenda Mei, Mwiti."

"Unapenda Mei," alirudia Mwiti taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna anayependa mafua. Akaita kura. Mikono minane iliinuka kwa ajili ya Septemba, na mmoja, wa Zilpah, ukabaki kwenye kikombe. Aliposema kwamba hata hivyo atakimbia Mei, wote walimgeukia. Kwetu mtu anaweza kuchelewa kwenye kamati, anaweza kulala kwenye kamati, lakini hakatai kamati. Mtu mmoja alitafuna andazi kwa sauti.

Nyumbani mumewe, Wekesa, alimsikiliza hadi mwisho huku akipasi shati la kazi. "Si uwaambie tu ukweli?" alisema.

"Nikiwaambia leo, Jumapili Shirleen ni prayer item. Jumatatu mtu anampigia mama Chavakali kumpa pole. Unawajua."

Wekesa aliwajua. Alirudi kwenye kola.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Mwiti alikuwa na za kumtosha yeye na mtaa mzima. Hakukubali kushindwa na mwanamke asiyetoa sababu. Siku tatu baadaye Zilpah alikuwa kwenye chumba cha mashuka kazini, mapumziko ya dakika kumi, alipoona ujumbe wa Shirleen. "Mwiti wenu amenipigia, alipata namba yangu kwa binamu. Mtu mzuri sana. Amenieleza mambo ya Septemba na nimeona ana point. Tufanye hiyo. Basi hakuna haraka, tutaanza mazoezi theluji ikiisha."

Theluji ikiisha. Zilpah aliketi juu ya kifurushi cha taulo. Miezi sita ya mapazia yaliyofungwa ilikuwa imepangwa upya kwa simu moja, na mtu aliyeipanga alijiona kasaidia. Alimpigia.

"Mwiti, nani alikutuma kwa ndugu yangu?"

"Aah, Sister, nilitaka tu kusaidia—"

"Sikuomba msaada. Niliomba viatu. Viatu, Mwiti. Mpaka leo hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia ninunue viatu gani."

Alikata simu. Kisha, kabla hasira haijapoa na busara kuingia, alifungua tovuti ya mbio za Mei akajisajili. Akamsajili na Shirleen. Jina, tarehe ya kuzaliwa, ukubwa wa fulana. Palipouliza mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura, aliandika namba yake mwenyewe, ya Sydney, ng'ambo ya bahari kutoka hapo. Akamtumia mdogo wake uthibitisho na maneno mawili: "Ni Mei."

Shirleen alipiga ndani ya dakika moja. "Zilpah, umenisajili kama mtoto wa nursery? Bila kuniuliza?"

"Uliniambia nichague."

"Nilikwambia, halafu nikakubali Septemba. Wewe ni mtu wa aina gani? Hukimbii, hujui chochote kuhusu kukimbia, kila mtu anakwambia kitu kimoja na wewe umeshikilia tu. Unajua baridi ya huku wewe? Unaisikia kwenye simu."

"Imeandikwa non-refundable," alisema Zilpah, kwa kuwa hakupata jambo jingine la kusema.

Shirleen alikata. Siku ya kwanza hakupokea simu. Ya pili pia. Siku ya tatu Zilpah alimpa mzee wa chumba namba tisa chai ya mtu mwingine, na usiku ndotoni akagonga mlango uliokuwa ukikataa kufunguka. Aliogopa sasa kwa dhati. Alikuwa amechagua tarehe ili kumzuia mdogo wake asijifungie ndani, na huenda ni yeye mwenyewe aliyemsukuma ajifungie. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, hata Mwiti, na hilo nalo lilimkera.

Siku ya tano ilikuja picha: jozi ya viatu vya mbio, vipya, juu ya mkeka wa mlangoni. Chini yake Shirleen alikuwa ameandika, "Nunua hivi. Ongeza saizi moja, miguu yako itavimba. Saa ngapi?"

Walikubaliana saa kumi na moja alfajiri ya Merrylands, kabla jua halijawaka, ambayo Saskatoon ni saa sita mchana wa siku iliyotangulia, jua likiwa juu kadiri linavyoweza. Zilpah ndiye aliyepiga, kila siku, na kila siku ilikuwa vita. Oktoba ndege wa huku wenye rangi nyeusi na nyeupe, ambao majira hayo hulinda viota vyao kama askari, walimshukia wakamdonoa kisogo. Akakimbia na bakuli la plastiki kichwani, watoto wa shule wakimpiga picha. Novemba theluji ilishuka kwa Shirleen, na visingizio vikashuka nayo. Buti zimelowa. Upepo. Kifua. Zilpah alisihi, akafoka, akatishia kumwita Chibalonza aje agonge, na mara mbili akamwita kweli. Mdogo wake alitoka akinuna, akakimbia robo saa akinuna, akarudi ndani bila kuaga. Kuna siku alilia kwenye simu akisema amechoka, aachwe. Zilpah alimwambia alie akitembea.

Huku kwake mambo hayakuwa afadhali. Desemba mapaja yalimchubuka. Januari saa kumi na moja alfajiri hewa ilikuwa nzito na yenye joto kama ya jikoni siku ya harusi, na kilomita kumi na nane zilimrudisha nyumbani akiwa mwekundu machoni, amekaa sakafuni bafuni bila nguvu za kufungua bomba. Kila Ijumaa Mwiti, aliyekwishasamehe kwa kuwa hana kinyongo, alimtumia mchoro wa halijoto ya wiki na neno moja: "Septemba." Zilpah hakujibu. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Katikati ya Februari redio ilitangaza nyuzi arobaini na tatu. Zilpah alikuwa ametoka kwenye zamu mbili mfululizo. Alizima alamu ya simu kabla ya kulala, akamwambia Wekesa kwamba kesho hakimbii mtu, na kwamba marathoni, Kanada, Mei na Septemba zote ziende zinakojua. Mdogo wake angefurahi kupumzika, alijiambia. Hata hivyo alilala akijua atakachokikuta asubuhi: simu isiyopokelewa.

Saa kumi na moja na dakika sita simu iliita.

Alihangaika kuipata kwenye shuka. Shirleen. Tangu Septemba, na hata kabla yake, tangu mwaka juzi pengine, Shirleen hakuwa amewahi kupiga yeye kwanza ila kwa kugomba. Upande wa pili ulivuma upepo, upepo mkubwa, na miguu ikikanyagakanyaga kitu kigumu.

"Shirleen? Kuna nini? Uko wapi?"

"Uko wapi wewe? Dakika sita nimesimama hapa nangoja simu yako. Ni minus thirty-one. Kope zangu zinashikana. Uko wapi?"

"Kitandani. Leo ni forty-three, Shirleen. Nimechoka."

"Umechoka." Miguu ilikanyagakanyaga. "Umenisajili bila kuniuliza. Umenitumia Chibalonza na sufuria yake ya pondu, kisamvu cha kwao, mlangoni kama polisi. Mwiti alinieleza ile Septemba vizuri kabisa, kila kitu kilikuwa na akili, nikajiuliza, huyu dada yangu asiyeweza kukimbia hadi stesheni, kwa nini anang'ang'ania Mei? Ilinichukua siku nne kukasirika na moja kuelewa. Sasa usiniambie umechoka. Ni wewe ulichagua Mei. Toka nje."

Wekesa alikuwa ameamka, amejiinua kwa kiwiko, anasikiliza. Zilpah alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na hasira kweli, hasira ya mtu aliyeamshwa na kukaripiwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi, na machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kidevuni bila yeye kujua ayafanyeje. Alipapasa sakafuni. Soksi moja ilikuwepo, ya pili hakuiona.

"Nipe dakika tano," alisema.

"Nakupa mbili," alisema Shirleen. "Mimi nimesimama kwenye barafu."